Jina la Shangazi

Jumamosi zangu zote zilifanana. Nikishadeki chumba na kuosha vyombo, mama alinikabidhi chupa ya chai na kuniambia, "Mpelekee shangazi yako, na usikae huko mpaka jua lizame." Nikavuka mtaro, nikafuata ukuta wa shule yetu hadi mwisho, nikaingia kwenye kibanda cha bati chenye mlango wa buluu. Humo shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa akifanya kazi ya udobi tangu kabla sijazaliwa.

Ndani palikuwa na joto, na palinuka sabuni na mkaa. Meza ya kupigia pasi ilitandikwa blanketi kuukuu lenye madoa ya kuungua. "Wajina, umefika," shangazi alisema bila kuinua macho kwenye suruali aliyokuwa akiinyoosha. Mimi na yeye tuliitwa jina moja. Baba alinipa jina la dada yake huyo siku niliyozaliwa, na kwa sababu hiyo nyumbani kila mtu aliniita Wajina, hata watoto wa jirani wakadhani ndilo jina lenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kushona alama. Shangazi hakuandika majina ya wateja kwenye nguo kwa sababu wino huchafua. Kila mteja alikuwa na rangi yake ya uzi na idadi yake ya mishono, nami niliishona ndani ya kola, mahali pasipoonekana. Kinyozi alikuwa na kijani, mshono mmoja. Mwenye duka la dawa, nyekundu, miwili. Karani wa posta, bwana mmoja mnene wa kutoka jasho, alikuwa na nyeusi, mitatu, ingawa shangazi alisema kwa mashati yale alistahili kumi. Nguo zote ziliingia beseni moja, na uzi ndio uliozirudisha kwa wenyewe.

Nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilitundikwa shati jeupe la mikono mirefu ambalo halikuwa la mtu. Shati hilo nalijua vizuri. Nitalieleza zamu yake ikifika.

Mwaka niliokuwa darasa la mwisho, mvua ilitukalia vibaya. Nguo hazikukauka. Shangazi alizitundika ndani ya kibanda, tukawa tunapita tumeinama chini ya suruali za watu. Nyingine zilivunda, wenyewe wakalalamika, wakahamia kwa dobi mwingine. Shangazi akaanza kukohoa, kikohozi cha chini ambacho hakikuisha.

Siku moja nilirudi kutoka shule nikamkuta mama kibarazani na jirani yetu muuza mkaa, tuliyemwita Mama Mkaa. Huyo alikuwa mwema wa mkono na mbaya wa mdomo. Angekupa mkaa wa bure ukikwama, kisha mtaa mzima ungejua ulichopikia. Hawakuniona. Nilikuwa nyuma ya nguzo nikivua viatu vyenye matope.

"Wifi yako hana bahati," Mama Mkaa alikuwa anasema. "Shule ilimshinda, ndoa ikamshinda, sasa hata udobi unamshinda. Na jina lile alilirithi kwa bibi yake, naye alikufa kijana. Jina zito lile. Halafu mkamtwika mtoto."

Nikasubiri mama amkatalie. Nilisubiri nikiwa nimeshika kiatu kimoja mkononi.

"Nilimwambia baba yake," mama akasema polepole. "Nilimwambia tutafute jingine. Hakunisikia."

"Lisemwalo lipo," akasema Mama Mkaa, "kama halipo laja."

Maneno ya Mama Mkaa ningeweza kuyasahau, maana hata kuku wa jirani walishasemwa na mdomo ule. Ya mama sikuweza. Usiku sikupata usingizi, na kesho yake nikaanza kujichunguza. Nimepata ishirini na tisa kwenye hesabu: jina. Nimeteleza mtaroni mbele ya watu: jina. Nimekosa kuchaguliwa kiranja: jina. Ukishaanza kuutafuta mkosi, utauona hata kwenye kamba ya kiatu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilishajiona mtu aliyekwisha shindwa.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa darasa, ambaye alikuwa amehamia kwetu muhula ule, alitugawia fomu za kujiandikisha kwa mtihani wa mwisho. Tulitakiwa kuandika jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, mzazi atie sahihi, kisha fomu irudishwe Jumatatu.

Baba alikuwa anafunga begi. Yeye ni fundi wa kuezeka paa, na alikuwa amepata kazi ya miezi mitatu katika mji wa mbali. Nikampelekea fomu tupu.

"Baba, tia sahihi hapa tu. Mengine nitajaza mwenyewe kwa utulivu, nisichafue."

Akanitazama kwa furaha. "Mwanangu amekua," akasema, akatia sahihi.

Niliijaza jikoni. Kwenye nafasi ya jina la kwanza niliandika jina la daktari mmoja wa kike aliyewahi kuja shuleni kutupima macho, mwenye viatu safi na sauti ya taratibu. Jina la baba na la babu sikuyagusa. Niliandika bila kusita hata kidogo, na hilo huniuma mpaka leo.

Mwalimu alipoita majina kutoka kwenye orodha mpya, rafiki yangu wa dawati aligeuka kunitazama. Tulimwita Kipensili kwa sababu ya wembamba wake.

"Wewe, umebadilishwa jina lini?"

"Nyumbani tulikaa kikao," nikamdanganya.

"Mkikaa tena nialikeni. Mimi nataka jina la mtu mnene."

Nilicheka naye, kisha nikainamia daftari langu.

Hata hivyo nilisoma. Nilisoma kuliko miaka yote iliyopita, kwa kuwa sasa niliamini kusoma kwangu kutafika mahali. Kabla ya kengele ya asubuhi mimi na Kipensili tulikuwa tayari darasani tukikokotoa asilimia ubaoni. Jioni niliandika insha na kuzifuta na kuziandika upya. Matokeo ya mtihani wa majaribio yalipobandikwa, nilikuwa wa tatu kati ya wanafunzi sitini na wawili. Sikuwahi kuwa hata wa ishirini. Nikajiambia, basi ni kweli, lilikuwa jina.

Nikakimbia nyumbani na karatasi yangu ya matokeo. Nikafika mlangoni nikasimama. Juu ya karatasi ile palikuwa na jina la mtu ambaye mama hakumzaa.

"Majibu yametoka?" mama akauliza.

"Bado, mama."

Niliificha chini ya godoro. Ndiyo karatasi nzuri kuliko zote nilizowahi kupata, na hakuna aliyeniambia hongera.

Zikiwa zimebaki wiki tatu kufikia mtihani, siku ya Jumatano, mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alikuwa mtu mfupi asiyepandisha sauti, na kwa hiyo tulimwogopa zaidi. Mezani palikuwa na orodha ndefu, na kidole chake kilikuwa juu ya mstari mmoja.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Nakala ya cheti chako tunayo humu tangu darasa la kwanza. Inasema wewe ni mwingine." "Orodha imerudishwa kwa sababu yako. Inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Uje na cheti halisi, na mtu mzima wa familia aandike maelezo na kutia sahihi. Jina na cheti visipolingana, namba yako itafutwa. Mwenye namba iliyofutwa hafanyi mtihani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Nani alibadilisha?"

"Mimi mwenyewe."

Hakunigombeza. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akaniashiria mlango.

Sasa sikia balaa lenyewe. Nyumba yetu ilikuwa inavuja, maana fundi wa paa huezekea wengine, la kwake hulisahau. Kwa sababu hiyo karatasi zote za ukoo zilihifadhiwa kwa shangazi, ndani ya sanduku la bati chini ya meza ya pasi. Kati ya watu wote, niliyepaswa kumwomba msaada ni yule niliyemkimbia.

Mvua ilikuwa inapiga bati nilipofika. Shangazi alikuwa peke yake, amejifunga kanga kifuani, anapiga pasi na kukohoa, anapiga pasi na kukohoa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Wajina. Leo si Jumamosi."

"Naomba cheti changu cha kuzaliwa."

"Cha nini?"

Njiani nilikuwa nimeutunga uongo wa kutosha. Nilipoitazama mikono yake iliyochubuka kwa sabuni, niliuacha. Nikamwambia yote: kibaraza, Mama Mkaa, fomu tupu aliyotia sahihi baba, jina la daktari, orodha iliyorudishwa. Nilisema nikiangalia sakafu. Nilipomaliza, mvua ilisikika zaidi.

Aliisimamisha pasi kwenye kigae chake. "Ulichukua jina gani?" akauliza.

Nikamtajia.

"Ni zuri," akasema.

Nilitamani anizabe kofi. Alivuta kigoda akakaa, akafuta jasho kwa ncha ya kanga. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

"Mama yako hakukosea sana," akasema mwishowe. "Hata mimi niliwahi kusema jina langu ni zito. Nilisema miaka mingi." Akakohoa, akasubiri kifua kitulie. "Siku ya mtihani wangu wa mwisho, mama yetu alikuwa hoi kitandani. Baba yako alikuwa na miaka miwili, na usiku wa kuamkia siku hiyo homa ilimpanda. Nikambeba mgongoni hadi zahanati, nikamwacha na muuguzi, nikakimbia shule. Nikakuta lango limefungwa. Hili hili la shule yenu. Nililigonga mpaka mkono ukavimba."

"Hawakukufungulia?"

"Utaratibu ni utaratibu. Lakini baadaye mwalimu alikuja nyumbani. Akaniambia, binti, rudi mwakani, nafasi yako ipo. Sikurudi. Watu walishaanza kusema ni jina la bibi, lina mkosi, na mimi nikaona afadhali. Nikapata pa kujificha. Ndoa ilipovunjika, nikasema ni jina. Mteja akinihama, ni jina. Nililitwika kila kitu, Wajina. Mimi mwenyewe nikawa sijakosa lolote."

Sikuwahi kumsikia mtu mzima akijisema namna ile.

"Ulipozaliwa nilimkataza baba yako. Nilimwambia asikupe jina langu. Akanijibu, 'Dada, la aliyenibeba mgongoni ndilo jina ninalolijua.' Nikakubali." Akanyoosha kidole nyuma ya mlango. "Niletee lile shati."

Nililishusha. Hadithi yake ni hii. Nilipokuwa na miaka tisa niliona uzi wa kijivu ndani ya kola yake, nikaona unaharibu weupe, nikaukata kwa wembe nikijidai ninalipendezesha. Mwenye shati alipomtuma mtu kulichukua, shangazi alitafuta uzi wa kijivu kwenye rundo lote, hakuuona, akamwambia halimo. Yule mtu aliondoka kwa hasira na hawakurudi tena. Shati lilipoibuka, hapakuwa na wa kulipokea. Shangazi hakunitaja kwa mtu yeyote. Kila mwezi alilifua na kulipiga pasi ili lisigeuke manjano, halafu akalirudisha msumarini.

"Lina kasoro gani?" akaniuliza.

"Halina."

"Miaka mitatu nalifua. Limemfaa nani?"

Nikakumbuka karatasi iliyokuwa chini ya godoro. Machozi yakaanza kunitoka, na katikati ya machozi nikataka anisifu japo kidogo. "Shangazi, kwenye majaribio nimekuwa wa tatu."

"Nani amekuwa wa tatu?"

Nikaliangalia shati lililokuwa mikononi mwangu.

Hakunisukuma zaidi. Aliinama, akavuta sanduku la bati, akatafuta kati ya karatasi, akanipa bahasha iliyofungwa kwa nailoni. "Ijumaa nitakuja," akasema. "Leo ukifika nyumbani umwambie mama yako. Na baba yako umwambie kwa mdomo wako, usimtume mtu."

Nilijikaza kisabuni nikamwambia mama jioni ile ile. Alikaa kitandani, akashika kichwa. Hakuuliza niliyasikia wapi maneno yale, alijua. "Hayo ya kibarazani," akasema, "ni mimi niliyekufundisha." Kisha akanipa simu yake nimpigie baba. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilitia sahihi karatasi tupu," akasema. "Sikuwa na wasiwasi kwa sababu ilikuwa ya kwako."

Aliniambia nilale salama, akakata. Angenifokea ningelala.

Ijumaa ndiyo siku kubwa ya wateja, wote wanataka nguo za mwisho wa wiki. Shangazi alikifunga kibanda. Saa tano kamili nilimwona kupitia dirisha la darasa akija kwenye mvua, mwavuli wake umevunjika mbavu moja, amevaa gauni lake la kutokea. Alipofika langoni alisimama. Alisimama kwa muda, mkono kwenye chuma, hata mlinzi akamuuliza kama anaumwa. Tangu siku ile alipoligonga hakuwahi kulipita lango lile, ingawa kibanda chake kilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Nilikwenda kumpokea.

"Safari hii sijachelewa," akaniambia.

Ofisini mwalimu mkuu alimpa kiti. Akasoma cheti, akasoma orodha, akamuuliza jina lake ili aliandike kwenye maelezo. Shangazi alilitaja kwa sauti, jina letu, la kwake na la kwangu. Mwalimu mkuu akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akaandika. Shangazi alitia sahihi polepole, herufi baada ya herufi. Jina la daktari likapigwa mstari, na la kwangu likaandikwa juu yake kwa wino mwekundu. Namba ilibaki. Adhabu pia ilikuwepo: wiki mbili za kusafisha vyoo vya shule kila jioni. Kipensili alinisaidia siku tatu, akasema hilo ndilo jambo la mwisho kunifanyia bila kualikwa kikaoni.

Asubuhi ya mtihani nilipita kwa shangazi. Alikuwa ameketi kitandani, hakuwa na nguvu za kusimama, lakini aliniomba nimpe sare yangu. Akageuza kola, akatunga uzi wa buluu, akashona mshono mmoja. Nilikuwa nazijua rangi zote za kibanda kile, na buluu hakuwahi kumpa mteja yeyote. Ilikuwa alama ya nguo zake mwenyewe.

"Nenda," akasema. "Saa mbili hii."

Matokeo yalitoka baada ya miezi miwili. Nilifaulu, nikapata nafasi ya kuendelea na shule, lakini sikuwa wa tatu. Nilikuwa wa kumi na moja. Hesabu iliniangusha kama kawaida yake, maana katika wiki zile tatu za fadhaa sikuishika inavyotakiwa. Insha niliipata karibu yote. Mama alipeleka habari kwa shangazi yeye mwenyewe, na chupa ya chai mkononi, akakaa huko mpaka jioni. Sijui walizungumza nini. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Wakati huo kibanda kilikuwa kimefungwa moja kwa moja. Zahanati walimkataza shangazi moshi wa mkaa na maji baridi, na kifua chake hakikupona vizuri tena. Tulihamishia vitu vyake kwetu, baada ya baba kurudi na kuziba paa. Lile shati jeupe alikuja nalo.

Mama Mkaa alipita kunipongeza. "Kumbe jina limefunguka," akasema pale kibarazani, mbele yetu sote. "Mkosi umetoka kwa mmoja ukamwachia mwenzake njia."

Nilimtazama mama. Safari hii mama alifungua mdomo, lakini shangazi alimtangulia kutoka kwenye mkeka wake.

"Jirani yangu," akasema, "mimi ni dobi. Nimeshona nyuzi kwenye kola za watu maisha yangu yote, na sijawahi kuona uzi ukifua shati. Uzi kazi yake ni kusema shati ni la nani. Kufua ni mikono." Akakohoa, akanigeukia. "Wa kumi na moja ni wewe, Wajina. Hesabu ulizokosa ni zako, na insha uliyopata ni yako. Usimpe mtu mwingine, wala usimsingizie mtu mwingine. Mimi nililisingizia jina langu mpaka nikazeeka."

Mama akammiminia Mama Mkaa chai.

Mimi niliingia ndani, nikainua godoro, nikaichukua ile karatasi ya wa tatu. Nikaitazama mara ya mwisho, nikaiacha hapo, kisha nikampelekea shangazi ile ya wa kumi na moja, yenye jina letu, akaisoma mwenyewe, kuanzia juu hadi chini.